Sindano Nne

Wageni wakisikia "nimelazwa Russia" hudhani nimepanda ndege.
Ni hospitali yetu tu, hapa Kisumu,
na nilifika kwa gari la wagonjwa kutoka Ahero
dakika ishirini kabla ya kafyu:
mimba ya wiki thelathini na moja, kikohozi cha siku sita,
sare yangu ya kazi bado imekunjwa mkobani.

Miaka kumi na moja nimeinamia matumbo ya watu,
sikio kwenye pembe ya bati, nikihesabu,
mia na arobaini, mia na hamsini, tulia mama, yu mzima.
Mganga hajigangi.
Sasa Sista Akumu ameinama juu yangu
nami nausoma uso wake, nusu ya uso,
nusu nyingine imo ndani ya barakoa,
na macho ya mkunga hayawezi kumdanganya mkunga.

Kibano kidoleni: tisini na moja.
Mjamzito huvutia hewa watu wawili
kwa kifua kilichopunguzwa nafasi.
Mtoto alikuwa amepandisha miguu hadi mbavuni,
anasukuma, anasukuma,
kama mpangaji wa juu anayehamisha kabati usiku.
Nililalia ubavu wa kushoto. Nikaambiwa nisiongee.
Mimi, Risper Adhola, nisiongee!

Daktari Chelagat alivuta kiti akaketi,
na daktari akiketi, ujue.
"Wengi hupona," alisema, "na wengi huzaa salama.
Lakini wewe umeangukia upande ule mwingine wa hesabu."
Kisha akaandika: deksa, sindano nne,
kila baada ya saa kumi na mbili.
Nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi.
Dawa hiyo nimewadunga wanawake wangapi
ili mapafu ya mtoto asiyetimia yafunguke,
na leo ndiyo hiyo hiyo wanayoipigia korona.
Dawa moja, jozi mbili za mapafu.
Mpaka sasa sijui ni nani kati yetu aliyepata kubwa.

Kitanda cha dirishani alikuwapo mwanamke wa Sondu,
muuza viazi vitamu.
Homa yake ndogo, hewa tisini na saba,
alikwenda msalani kwa miguu yake,
akanichotea maji.
Usiku wa pili akasema, mtoto hachezi.
Akumu akaweka pembe.
Akaihamisha.
Akaihamisha tena.
Mimi naujua ukimya wa pembe inayohamishwa.
Nilijua kabla yake, yeye aliyekuwa mama,
nikageukia ukutani
kwa aibu ya kujua.
Baadaye nilisikia kondo lilikuwa na mabaka, gumu,
lango lililofungwa kutoka ndani
na mtu aliyetembea mwenyewe hadi msalani.

Sindano ya nne ilipotimia, hewa yangu ikashuka
themanini na sita.
Wakanipasua asubuhi hiyo hiyo.
Kilo moja na robo tatu: hakufikia pakiti ya unga.
Walimpima ugonjwa, hakuwa nao.
Siku tisa nilimwona kwenye simu ya Akumu,
kioo chenye ufa, na yeye nyuma ya ufa
na mrija puani, amekunja ngumi kama mtu aliyedhulumiwa chenji.
Siku ya kumi wakanifungia kifuani kwa leso,
ngozi kwa ngozi,
nikahesabu pumzi zake bila chombo chochote.

Mama mkwe alitaka tumwite Hawi, yaani bahati.
Nilikataa.
Kama huyu ni bahati, yule wa Sondu angeitwa nani?
Tumemwita Okinyi, kwa sababu alizaliwa asubuhi,
basi.

Nimerudi Ahero.
Mama akija na mafua namfunga kibano kidoleni
hata akiapa ni vumbi la mpunga.
Namwuliza, mtoto anacheza? Jana je? Leo je?
Na pembe ikikosa kusikia mara ya kwanza
siihamishi tena kimya kimya.
Nasema kwa sauti, aisikie hata wa kitanda cha pili:
naisogeza tu, mama.
Naisogeza.